Ukigonga ukiwa umekunywa, bima inalipa nini?

Ikifika mwezi wa kumi, mabibo yakiwa yanadondoka chini ya mikorosho na watu wanahesabu siku za mnada, vijiwe vya kuanzia Tandahimba mpaka Mtama huwa na ubishi mmoja usiokwisha: dereva akiwa amekunywa halafu akagonga, bima inalipa au hailipi? Majibu huwa mawili. Mmoja atasema, "Ukishalewa, stika yako karatasi tu." Mwenzake atajibu, "Bima ni bima, si umeshalipia?" Wote wawili wamekosea, na kila kosa lina bei yake. Anayeamini la kwanza humwambia majeruhi asihangaike kudai, na majeruhi anapoteza haki yake. Anayeamini la pili anachukua ufunguo.

Jibu fupi ni kwamba stika haifi. Kinachokufa ni ile sehemu ya bima inayokulinda wewe na gari lako. Sehemu inayomlinda mtu uliyemuumiza hubaki hai, ila kampuni ikishamlipa yeye, inakugeukia wewe na kukudai kama inavyomdai mkopaji yeyote. Jibu refu liko kwenye karatasi, na karatasi hizo ni nyingi.

Bima ndogo, bima kubwa

Bima ndogo ndiyo ile ya lazima chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Kwa gari dogo la kutembelea ni shilingi 118,000 kwa mwaka, VAT ikiwemo. Bima kubwa, ile inayolinda na gari lako mwenyewe, huhesabiwa kwa thamani ya gari, kwa kawaida asilimia 3.5 kwa gari la binafsi, kisha VAT ya asilimia 18 inawekwa juu yake. Gari la milioni 18 linakuwa 630,000, na ukiongeza VAT ya 113,400 unafika 743,400.

Kuna jambo ambalo hata mawakala wengi hawalisemi wanapouza. Sheria inalazimisha kukatia bima vifo na majeraha ya watu. Hailazimishi ukuta wa duka, taa ya gari la mwenzako wala meza ya muuza samaki. Mali za watu wengine zimo kwenye bima kwa sababu kampuni yenyewe imekubali kuziandika kwenye mkataba. Ukiwa mzima, tofauti hiyo huioni. Ukiwa umekunywa, ndiyo inayoamua nani atalipwa na kampuni na nani atakuja kugonga mlangoni kwako.

Halafu kuna mtu mmoja ambaye bima ndogo haimjui hata siku moja, awe amekunywa au hajanywa: dereva mwenyewe. Mguu wake ukivunjika, hiyo ni shughuli ya bima yake ya afya au mfuko wake. Utingo naye ni mfanyakazi, kwa hiyo akiumia kazini madai yake yanapitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwenye lori ambaye hajamwandikisha utingo wake huko asidhani stika ya lori itaziba pengo hilo.

Kifungu chenyewe

Mikataba mingi ya bima imeandikwa kwa Kiingereza, na mteja hupewa stika na risiti tu. Mkataba wenyewe unabaki kwenye droo ya wakala au kwenye barua pepe ambayo haijawahi kufunguliwa. Uombe. Tafuta ukurasa wa mambo yasiyofidiwa. Kifungu cha pombe hukaa humo, na kwa Kiswahili husomeka karibu hivi:

"Kampuni haitawajibika kwa hasara au madhara yatakayotokea wakati gari linaendeshwa na mwenye bima, au na mtu mwingine kwa ridhaa yake, akiwa chini ya athari ya kileo au dawa za kulevya."

Soma neno kwa neno.

"Wakati gari linaendeshwa." Hapa kampuni haisemi kwamba ajali ni lazima isababishwe na pombe. Inatosha kwamba dereva alikuwa katika hali hiyo ajali ilipotokea. Ukigongwa kwa nyuma umesimama kwenye mataa huku umekunywa, kampuni yako ina pa kushika kukataa kutengeneza gari lako, ingawa kosa ni la mwingine. (Kumdai aliyekugonga bado unaweza, kupitia bima yake.) Ipo mikataba inayosema ajali "iliyosababishwa na" ulevi. Hiyo ina nafuu kubwa kwa mteja, kwa sababu kampuni italazimika kuonyesha uhusiano kati ya pombe na ajali. Kama unachagua kati ya kampuni mbili zenye bei sawa, mimi ningechagua kwa maneno haya kabla ya kuangalia jambo lingine.

"Chini ya athari." Haina namba. Dereva anaweza kuwa chini ya kiwango cha sheria na bado kampuni ikasema alikuwa chini ya athari, kwa ushahidi wa trafiki aliyeandika kwamba alikuwa akiyumba na ananuka pombe. Mikataba mingine imeandika "zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa kisheria". Hapo namba inahitajika, na bila kipimo kampuni iko kwenye hali ngumu.

"Kwa ridhaa yake." Hili ndilo linalowaumiza wenye magari. Umempa shemeji gari aende Masasi, akanywa Ndanda, akapinduka. Wewe hukunywa, hukuwepo na hukujua. Kwa kifungu kilivyoandikwa, ulimpa gari kwa ridhaa yako, basi. Uliza kama kampuni inakubali kuongeza maneno yanayomlinda mwenye gari asiyejua hali ya dereva. Wengine hukubali kwa nyongeza ndogo ya ada, hasa kwa mwenye magari zaidi ya moja.

"Kileo." Hapa Kusini lazima lisemwe: uraka ni kileo. Kuna watu wazima kabisa watakaokuambia kwamba uraka ni maji ya mabibo, juisi ya msimu, hata mama mkwe anakunywa. Maji ya mabibo yakishaanza kuchachuka yana pombe, na yanaendelea kuchachuka ndani ya dumu. Uraka wa saa 3 asubuhi na wa saa 11 jioni kutoka dumu lile lile si kitu kimoja. Nipa, inayopikwa kutoka humo humo, ni pombe kali isiyo na lebo, kwa hiyo mnywaji mwenyewe hawezi kujua amekunywa kiasi gani. Tembo la mnazi nalo lina tabia ile ile ya kukolea kadiri siku inavyokwenda. Mkataba haujali kama kileo kilitoka kiwandani au chini ya mti.

Hesabu ya chupa

Kiwango cha sheria Tanzania kwa dereva wa kawaida ni asilimia 0.08, maana yake miligramu 80 za pombe kwenye mililita 100 za damu. Kwa madereva wa magari ya abiria na ya biashara ni sifuri. Hizi ni namba mbili tofauti kabisa, na madereva wengi wa biashara huishi kwa ile ya kwanza.

Gramu za pombe unazipata hivi: mililita mara asilimia ya pombe mara 0.79. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inatoa 500 × 0.05 × 0.79, karibu gramu 20. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kinatoa gramu 55, yaani kile kichupa kinachoingia mfuko wa shati ni karibu bia tatu.

Mwanamume wa kilo 70 hupanda kwa takriban 0.042 kwa kila bia. Mwanamke wa kilo 60 hupanda kwa 0.06, kwa sababu mwili wake una maji pungufu kwa uzito ule ule. Ini hupunguza kama 0.015 kwa saa. Ni makadirio, miili inatofautiana na tumbo lenye chakula huchelewesha pombe kuingia kwenye damu, lakini kwa kupanga safari yanatosha.

Sasa mchukue dereva wa basi wa kilo 70. Ameanza saa 2 usiku na kumaliza bia nne saa 6. Bia nne ni 0.168. Kwa saa nne ini limeshapunguza 0.06, kwa hiyo saa 6 usiku yuko kwenye 0.108. Analala. Saa 11 alfajiri anapowasha gari kutoka Mtwara kuelekea Dar, yuko kwenye 0.033 hivi. Ameoga, amekunywa chai, hayumbi, na kwa gari la binafsi angekuwa chini ya kiwango. Kwa basi amevunja sheria, na kama mkataba wa bima unasema "kiwango kinachoruhusiwa kisheria", kiwango chake yeye ni sifuri. Sifuri ataifikia baada ya saa 1 asubuhi, basi likiwa limeshaiacha Lindi njia ya kwenda. Kahawa, ndimu na supu ya pweza haziongezi kasi ya ini hata kidogo. Zinamfanya mlevi awe macho, basi.

Mwenye mabasi au malori anaweza kununua kipima ulevi chake na kuwapima madereva kabla ya kukabidhi ufunguo, akaandika jina, saa na namba kwenye daftari. Daftari hilo siku ya madai lina thamani kuliko wakili, kwa sababu linaonyesha kwamba hukutoa ridhaa kwa mlevi.

Pumzi, damu na karatasi za polisi

Anayedai kwamba kifungu cha pombe kinahusika ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kampuni ikikataa kulipa, ni juu yake kuonyesha kwamba dereva alikuwa amekunywa. Wateja wengi hujikuta wanajitetea kabla hawajashtakiwa. Lakini kampuni hupata ushahidi wake kutoka sehemu ambazo mteja hakuzifikiria: taarifa ya ajali ya polisi na ripoti yao ya mwisho, hati ya mashtaka, hukumu, na maandishi ya daktari kwenye PF 3, fomu ya polisi ya majeruhi. Daktari wa zamu akiandika "ananuka pombe" kwenye kona ya fomu, maneno hayo mawili yanasafiri mpaka makao makuu ya kampuni.

Kipima ulevi kinahitaji mambo machache ili namba yake isimame. Kiwe na mdomo mpya wa plastiki kwa kila mtu. Zipite kama dakika 15 tangu funda la mwisho, kwa sababu pombe iliyobaki mdomoni hupandisha namba kuliko ilivyo kwenye damu. Kutapika au kusukutua kwa dawa ya kinywa kunaleta kosa lile lile. Namba isomwe pamoja na kipimo chake, maana vifaa vingine husoma miligramu kwa lita ya pumzi. Asilimia 0.08 ya damu inakaribia miligramu 0.38 kwa lita ya pumzi, na mtu akiona 0.38 asidhani ni mara tano ya kiwango. Omba uone namba na saa, na uhakikishe vimeandikwa.

Damu ina matatizo yake. Muuguzi akisafisha ngozi kwa spiriti kabla ya kuchoma sindano, sampuli inaweza kuchafuka. Kwa kipimo cha pombe husafishwa kwa dawa isiyo na pombe. Chupa inayofaa ni ile ya kifuniko cha kijivu yenye sodiamu floraidi, inayozuia vijidudu kutengeneza au kula pombe ndani ya sampuli. Kwa joto la Mtwara, sampuli iliyokaa bila dawa hiyo na bila friji haiaminiki. Tena maabara za hospitali mara nyingi hupima majimaji ya damu baada ya kuondoa chembechembe, na hapo namba hutoka juu kwa zaidi ya asilimia kumi kuliko damu nzima, ambayo ndiyo sheria inayoitaja. Ukipewa majibu, angalia kimepimwa nini.

Kuna suala la muda pia. Mtu akianguka njia ya Mangaka saa 4 usiku na damu ikachukuliwa saa 8, namba itakuwa imeshuka kwa 0.06 hivi. Wanaodhani kuchelewa kunawaokoa wasahau. Mkadiriaji wa hasara, anayechunguza ajali kwa niaba ya kampuni, anajua ile 0.015 kwa saa kama anavyojua bei ya bampa, naye anahesabu kurudi nyuma. Ndiyo maana swali lake la kwanza huwa saa ngapi, kabla hata hajauliza wapi.

Kukataa kupuliza nako hakusaidii. Baadhi ya mikataba imeandika wazi kwamba anayekataa kupimwa anahesabiwa kama aliyekutwa na kileo.

Aliyegongwa analipwaje

Hapa ndipo ubishi wa kijiweni unapotoka nje kabisa ya njia. Kampuni haiwezi kumwambia mjane kwamba dereva alikuwa amelewa kwa hiyo yeye hana chake. Sheria imewekwa kwa ajili ya huyo mjane. Mahakama ikitoa hukumu dhidi ya mwenye gari kwa kifo au majeraha, na kampuni ilipewa taarifa ya kesi mapema, inatakiwa kulipa hata kama kwa mkataba wake na mteja ilikuwa na haki ya kukataa. Baada ya hapo inamdai mteja kiasi chote ilicholipa, pamoja na gharama.

Neno "taarifa ya kesi mapema" libebe uzito wake. Familia nyingi hushtaki dereva na mwenye gari, zinashinda, kisha zinapeleka hukumu kwa kampuni kama kitu kipya. Kampuni inajibu kwamba haikujua kesi ilikuwepo, na haki iliyokuwa mkononi inaponyoka. Barua kwa kampuni ipelekwe kabla ya kufungua kesi au mara inapofunguliwa, igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala ibaki nyumbani. Jina la kampuni na namba ya bima vinapatikana kwa kuhakiki stika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ukiwa na namba ya gari. Ukikuta stika ni ya kughushi, mambo yote niliyosema hapa hayapo: hakuna kampuni, kuna mwenye gari peke yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Gari la milioni 18 lenye bima kubwa linateremka Mikindani usiku, linamgonga bodaboda, kisha linaingia kwenye uzio wa nyumba. Matengenezo ya gari ni 6,200,000. Uzio ni 1,400,000. Bodaboda amevunjika mguu, amelazwa hospitali ya Ligula, na mwisho wa kesi mahakama inampa 11,000,000.

Dereva akiwa mzima, mwenye gari anatoa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unamtaka ajilipie, tuseme 300,000, na kampuni inamaliza yaliyobaki.

Akiwa amekunywa, 6,200,000 za gari ni zake. 1,400,000 za uzio ni zake pia, kwa sababu uzio si mwili wa mtu na sheria haiulindi. Bodaboda analipwa 11,000,000 na kampuni, kisha kampuni inamletea mwenye gari barua ya madai ya 11,000,000. Jumla 18,600,000, na gari lenyewe lilikuwa la milioni 18. Kama lilinunuliwa kwa mkopo, benki inaendelea kukata kila mwezi kwa ajili ya chuma kilichoegeshwa gereji.

Bodaboda, bajaji na bosi

Kwenye pikipiki ya mkataba au ya hesabu, jina kwenye kadi ni la bosi. Dereva akigonga amelewa, anayeshtakiwa pamoja naye ni mwenye kadi, na kampuni ikishalipa, inamfuata mwenye mali kwa sababu kijana hana kitu cha kukamata. Mabosi wengi wanaandikiana na kijana karatasi ya hesabu ya kila siku bila neno hata moja kuhusu pombe. Ongeza mistari miwili: kwamba haruhusiwi kuendesha akiwa amekunywa, na kwamba hana ruhusa ya kumpa mtu mwingine chombo. Karatasi hiyo haimnyimi majeruhi haki yake, lakini inakusaidia wewe kuonyesha ridhaa yako iliishia wapi.

Msimu wa jando na unyago ndio wa kuangalia zaidi. Chombo kinakodiwa kusindikiza wari, kinakesha na ngoma, na asubuhi dereva anapewa abiria wa kurudi. Abiria hao wamelipa nauli? Hakikisha bima ni ya biashara. Pikipiki iliyokatiwa bima ya binafsi huku inabeba abiria imeshampa kampuni sababu ya kukataa kabla hata pombe haijatajwa.

Malori ya korosho yana jambo la ziada: mzigo. Bima ya lori haigusi magunia. Mzigo una bima yake ya usafirishaji, nayo ina ukurasa wake wa mambo yasiyofidiwa, ambao unaweza kuwa na kifungu chake cha kileo. Chama cha msingi au mnunuzi akitaka kujua kama korosho zake ziko salama, asome wa mzigo, asiridhike na kuonyeshwa stika ya lori.

Ajali ikishatokea

Simamisha gari, saidia majeruhi, piga simu polisi. Usisogeze gari kabla ya kuchorwa ramani, isipokuwa linaziba njia ya kuokoa mtu. Piga picha za pande nne, za alama za matairi na za namba za magari yote. Taarifa kwa kampuni au wakala ipelekwe siku ile ile, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Kisha zifuatilie ripoti ya mwisho ya polisi, ripoti ya ukaguzi wa gari na ramani ya eneo, kwa sababu bila hizo faili halisogei.

Halafu kuna fomu ya madai. Ndani yake utakuta swali: je, dereva alikuwa ametumia kileo saa chache kabla ya ajali? Kijibu chake ni kifupi na ndicho kinachoharibu madai mengi kuliko pombe yenyewe. Dereva alikunywa bia moja mchana saa 7, ajali imetokea saa 3 usiku, mwili ulishaimaliza. Anaogopa, anaandika "hapana". Mkadiriaji anapata risiti au shahidi wa baa. Sasa madai yanayolipika yamekuwa madai ya uongo, na kampuni ina haki ya kuyatupa yote. Angeandika "bia moja saa 7 mchana" angelipwa.

Kubadilisha dereva ndiyo hila ya zamani zaidi: rafiki mzima anajitokeza kusema yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Inaonekana nyepesi saa 5 usiku pale Mnazi Mmoja. Mkadiriaji anatazama kiti kimesogezwa umbali gani, mkanda wa gari umeacha alama kwenye bega gani, PF 3 inasema nani aliumia kifua, na watu wa kijiweni walimwona nani akitoka mlango wa kulia. Ikigundulika, madai yanakufa na rafiki ana kesi ya kutoa taarifa za uongo kwa polisi.

Dawa nazo zisisahaulike. Dawa za mafua zinazosinzisha na za usingizi hazitajwi sana mezani, ila vifungu vingi vinasema "kileo au dawa", na karatasi ya ndani ya boksi imeandika usiendeshe. Weka cheti cha daktari.

Dereva akitiwa hatiani, mahakama inaweza kumfungia leseni. Akiendesha katika kipindi hicho, hata kama ni mzima kama maji ya mtungi, karibu kila mkataba unamhesabu kuwa dereva asiye na leseni. Na mwaka unaofuata, fomu ya maombi ya bima itauliza kama amewahi kutiwa hatiani. Ajibu ukweli na akubali ada kupanda. Punguzo la kutodai, yaani la ada kwa asiye na madai, nalo litakuwa limeondoka.

Kampuni ikikataa

Usikubali jibu la mdomo, wala la simu kutoka kwa wakala. Taka barua inayotaja kifungu kilichotumika na ushahidi uliotegemewa. Linganisha maneno ya barua na maneno ya mkataba wako: kama mkataba unadai kiwango cha sheria na barua haina namba yoyote ya kipimo, hapo una hoja. Kama unadai ajali iwe imesababishwa na ulevi na ripoti ya polisi inasema breki zilifeli, una hoja nyingine. Iandikie menejimenti ya kampuni kwanza, ukiambatanisha nakala.

Wasiporudi nyuma, peleka malalamiko TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kusini hapa Mtwara, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mahakama bado ipo kwa asiyeridhika. Beba mkataba kamili, risiti ya ada, fomu ya madai uliyojaza, karatasi za polisi na majibu ya kipimo kama yapo. Ile barua ya kukataliwa iwe juu kabisa kwenye faili, maana ndiyo watakayoomba kuiona kwanza.